Santuri zilizotoka vitabuni: zipi za kutafuta Nairobi, zipi za kusikiliza kwa simu tu

Wauzaji wa santuri wa Kenyatta Market hawapangi mali yao kwa vitabu. Lingala limekaa juu ya country, country juu ya nyimbo za Krismasi, na Kate Bush, mwimbaji wa Uingereza, ukiwa na bahati, yumo katikati ya rundo hilo. Kwa hivyo anayetaka nyimbo zilizotokana na fasihi sharti aingie sokoni akiwa na majina kichwani, akijua toleo analolitaka, na akijua wimbo wake umekaa upande gani wa sahani na mahali gani kwenye upande huo. Hilo la mwisho wanunuzi wengi hulipuuza, nalo huwapotezea pesa kuliko mikwaruzo.

Kipimo chetu ni kimoja: wimbo unaongeza nini ambacho kitabu hakina? Ukiwa muhtasari wa hadithi tu, basi kitabu chenyewe ni rahisi zaidi kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba mjini, wale wa "inama". Tena vitabu kadhaa kati ya hivi ni vya karne ya 18 na ya 19, havina hakimiliki tena, na vinapatikana bure Project Gutenberg. Hata George Orwell, aliyefariki Januari 1950, yuko huru hapa kwetu, kwa sababu sheria ya Kenya hulinda kitabu kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Santuri haina njia ya bure. Lazima ijitetee yenyewe.

Inayojitetea vizuri kuliko zote ni "Wuthering Heights" ya Kate Bush. Katika riwaya ya Emily Brontë ya 1847, Catherine, mhusika mkuu, hasimulii hadithi yake. Kila kitu kinapitia kwa Lockwood, mpangaji mgeni, na kwa Nelly Dean, mtumishi ajuaye mengi na asemaye kwa kuchagua. Katika sura ya tatu mzimu wa Catherine unabisha dirishani usiku ukitaka kuingia, lakini hata hapo tunausikia kupitia ndoto ya Lockwood, naye kwa hofu anausugua mkono wa mzimu kwenye kioo kilichovunjika hadi damu ikatoka. Bush aliupindua mpango wote: mzimu ndio unaoimba, na anayeimbiwa ni Heathcliff, mpenzi wake. Ile sauti ya juu ambayo wengine huiona kero ina kazi yake. Ni sauti ya mtu aliye nje kwenye baridi, na kwa kuwa haina pa kutulia, kiitikio nacho hakitulii. Hesabu yake haiendi nne nne moja kwa moja, ukijaribu kuifuata kwa mguu unapotea.

Aliuandika akiwa na miaka 18, baada ya kuona sehemu ya mwisho ya tamthilia ya BBC kwenye televisheni. Kitabu alikisoma baadaye. Kampuni yake, EMI, ilitaka wimbo mwingine utangulie, yeye akaushikilia huu. Ulitoka Januari 1978, na Machi ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 4, ikiwa mara ya kwanza kwa mwanamke kufika hapo kwa wimbo aliouandika mwenyewe.

Ununue upi sasa? Albamu ni The Kick Inside ya Februari 1978, na humo wimbo huu ndio wa mwisho upande wa kwanza, yaani umebanwa karibu na lebo. Hapo ndipo shida ilipo. LP, yaani santuri kubwa ya albamu, huzunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Pembeni, mfereji uliochorwa sauti unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama sentimita 21. Sauti ileile inachorwa katika nafasi isiyofika nusu, na zinazoumia kwanza ni sauti za juu pamoja na herufi kali kama s. Sauti ya Bush katika wimbo huu karibu yote iko huko juu. Ukiwa na sindano ya bei nafuu, au iliyochakaa, utasikia mkwaruzo ukizidi kadiri wimbo unavyosogea, na unafika kileleni pale gitaa la Ian Bairnson linapotawala mwishoni.

Singo ya inchi 7 inazunguka mara 45. Wimbo unaanzia kwenye sentimita 40 hivi kwa sekunde na hata karibu na lebo haushuki sana chini ya 25. Ukiikuta, nyuma yake ikiwa na "Kite", ichukue kabla ya LP hata kama jalada limepotea. Kama tundu la katikati ni lile kubwa, utahitaji kile kipande cha plastiki cha kulijaza. Usikubali kuweka sahani kwa kukisia, kwa sababu ikikaa kombo kwa milimita moja tu, sauti ndefu za wimbo zinaanza kuyumba.

Na ujihadhari na The Whole Story ya 1986. Ni mkusanyiko wa nyimbo zake, lakini "Wuthering Heights" iliyomo Bush aliiimba upya, kwa sauti nzito zaidi. Imeimbwa vizuri, ila mzimu umeshazoea baridi. Ile ya 1978 ina dakika 4 na sekunde 28, ya 1986 inakaribia dakika 5. Kwenye simu, urefu huo ndio utakaokuambia umefungua ipi.

Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, nao wana albamu ya Animals, ya Januari 1977. Kila anayezungumzia Orwell na muziki huitaja, na wengi huisifu kwa sababu zisizo zake. Shamba la Wanyama, riwaya ya Orwell ya 1945 (Kiswahili chake alikifanya Fortunatus Kawegere, kikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967) lina wanyama wa kila namna, kuanzia farasi hadi kunguru. Roger Waters, mtunzi wa bendi hiyo, alichukua aina tatu tu: mbwa, nguruwe na kondoo. Tena hakuanzia kitabuni. Nyimbo mbili kati ya zile tatu ndefu zilikuwa zikipigwa jukwaani tangu 1974 kwa majina mengine. "Dogs" ikiitwa "You've Got to Be Crazy" na "Sheep" ikiitwa "Raving and Drooling". Vazi la wanyama zilivalishwa baadaye. Ukilijua hilo, hushangai kwamba "Dogs", yenye dakika 17, haina harufu yoyote ya zizi: ni habari ya mfanyabiashara anayewauza wenzake mmoja mmoja hadi anazeeka peke yake.

Pamoja na hayo, kwa kipimo chetu inashinda. Orwell alikuwa akiwalenga Stalin na watu wake; Waters akaugeuzia mshale ule ule mabepari wa Uingereza. Na kondoo wa Orwell hawawaasi nguruwe hata siku moja, kazi yao ni kukariri kaulimbiu wanayopewa. Kondoo wa Waters wanaghani Zaburi ya 23 iliyopotoshwa, kwa sauti iliyopitishwa kwenye mashine, kisha wanawashukia mbwa. Mwalimu anayefundisha kitabu hicho ana swali la insha hapo bila kutafuta.

Kama bidhaa, Animals ni ununuzi salama. Upande wa kwanza una dakika 18 na nusu hivi, wa pili 23 hivi, kwa hiyo fundi aliyeikata hakulazimika kubana mifereji. Mchanganyo mpya uliofanywa 2018 ulitoka 2022, na humo besi na ngoma zinasikika wazi zaidi. Mwenye spika nzuri atafute huo, mwenye spika ndogo hatapata tofauti ya kumlipa. Kasoro ya sahani za zamani ni moja. Albamu inaanza na sauti moja na gitaa moja kavu, na mfereji uliochakaa hulifunika gitaa hilo kwa mivumo na vipasuko. "Sheep" nayo inaanza kwa kinanda cha taratibu. Mwombe muuzaji akuwekee sindano hapo mahali pawili. Sehemu za kelele huficha ubovu wote, na muuzaji anayejua kazi yake atakuchezea hizo kwanza.

David Bowie alitaka kulifanya jambo kubwa zaidi na Orwell: mchezo mzima wa jukwaani wa Nineteen Eighty-Four. Sonia, mjane wa Orwell, alikataa. Nyimbo zilizobaki mkononi akazitia katika Diamond Dogs ya 1974, hasa upande wa pili: "We Are the Dead", ambayo jina lake ni maneno ya Winston, mhusika mkuu, kwa mpenzi wake Julia, kisha "1984", kisha "Big Brother" inayomiminikia moja kwa moja kwenye "Chant of the Ever Circling Skeletal Family". Ni mabaki, na yanasikika kuwa mabaki. Upande wa kwanza ni hadithi nyingine kabisa, ya mji uliooza na magenge yake, na mshono kati ya pande hizo mbili hauzibiki. Lakini "Big Brother" ina kitu ambacho Orwell aliandika kwa sentensi moja tu mwisho wa kitabu, yaani raha ya kumpenda anayekuonea. Bowie anakipa dakika nzima nzima, kwa wimbo mtamu kiasi kwamba unajikuta unauimba. Nunua ukiikuta kwa bei ya kawaida. Usilipe bei ya juu.

Kwenye simu, zima nyimbo kuchezwa ovyo ovyo na uzime pia ule mpangilio unaoufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Animals na Diamond Dogs zimeunganishwa kwa makusudi, na mipangilio hiyo miwili huzikatakata.

Iron Maiden walifanya jambo ambalo mwalimu wa fasihi angelikataza: walichukua "The Rime of the Ancient Mariner" ya Samuel Taylor Coleridge, shairi la 1798 lenye mistari zaidi ya 600, wakalikunja katika dakika 13 na sekunde 45. Steve Harris, mpiga besi, ndiye aliyeuandika wimbo huo, na anafuata mpangilio wa shairi kwa uaminifu: albatrosi anapigwa mshale, upepo unakata, kiu inaingia, meli ya mizimu inafika ambako Kifo kinacheza kamari kwa roho za mabaharia, kisha nyoka wa majini wanabarikiwa na laana inalegea. Maneno mengi ni muhtasari, na kwa kipimo chetu wimbo ungeanguka hapo. Unaokolewa na katikati yake. Bendi ya roki nzito, inayoishi kwa mwendo, inasimama. Ngoma inatulia, gitaa linabaki kwa mbali, mbao za meli zinalia, na sauti ya mtu inasoma beti za Coleridge zilivyo. Coleridge anakueleza kwamba meli imekwama. Hapa umekwama wewe, dakika baada ya dakika, na mwendo unaporudi unaelewa kwa nini wale mabaharia walikuwa tayari kuamini chochote.

Sasa ubaya. Wimbo huu ndio wa mwisho kwenye Powerslave ya Septemba 1984, na upande wa pili wa LP hiyo una takriban dakika 26. Kadiri upande unavyorefuka, mifereji husogezwa karibu karibu, na ili isigongane sharti sauti ikatwe kwa nguvu ndogo. Unapoongeza sauti kufidia, unaongeza na mivumo ya sahani. Juu ya hapo, kile kilele cha mwisho cha wimbo kimekaa kwenye zile sentimita 21 kwa sekunde tulizozitaja. Kwa maneno mengine, sehemu bora ya wimbo imepewa mahali pabaya kuliko pote. Santuri ya Powerslave nunua kwa ajili ya jalada la Derek Riggs, ambalo kwa ukubwa wa inchi 12 ni kitu cha kutazama. Wimbo wenyewe usikilize kwa CD, ambayo haijali wimbo uko mwanzo au mwisho.

Kwa wa simu, hesabu ya bando ni nyepesi. Ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula MB 0.72 kwa dakika, 160 unakula MB 1.2, na 320 unakula MB 2.4. Wimbo wa Coleridge peke yake ni MB 10 hivi kwa kiwango cha chini na MB 33 kwa cha juu. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, ukikumbuka kwamba Spotify, kwa mfano, hutaka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulichopakua hakichezi.

"White Rabbit" ya Jefferson Airplane, kutoka Surrealistic Pillow ya 1967, ina dakika 2 na nusu na haipotezi hata sekunde. Vitabu vya Lewis Carroll viko viwili, Alice wa Nchi ya Ajabu wa 1865 na Alice wa ng'ambo ya kioo wa 1871. (Kiswahili kina tafsiri ya kitabu cha kwanza tangu 1940, na nyingine ya Ida Hadjivayanis ya 2015.) Grace Slick, mwimbaji wa bendi hiyo, alivichanganya bila aibu. Anampa Malkia Mwekundu, wa kitabu cha pili, amri ya kukata vichwa ambayo ni ya Malkia wa Kopa wa kitabu cha kwanza. Na ile nasaha anayomalizia, anayosema ni ya Panya Msinziaji, haimo kitabuni kabisa. Carroll ameandika tu kwamba mbele ya mahakama Mtengeneza Kofia anashindwa kukumbuka panya huyo alisema nini. Slick aliliona pengo hilo akaliziba kwa maneno yake, na ngoma ya mtindo wa bolero inayopanda bila kushuka ikamfikisha huko. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua sahani ya mono (sauti ileile kwa spika zote mbili). Ya stereo imejazwa mwangwi mwingi, na sauti ya Slick inaelea mbali mno.

Kuhusu Tom Joad, mhusika wa The Grapes of Wrath ya John Steinbeck (1939), kuna nyimbo mbili zinazostahili kutajwa. Woody Guthrie aliimba "Tom Joad" mwaka 1940, akiisimulia hadithi nzima kwa urefu ambao haukuenea upande mmoja wa sahani ya 78, ikabidi ikatwe vipande viwili, unageuza sahani katikati ya riwaya. Bruce Springsteen naye, mwaka 1995, hakusimulia hadithi tena: "The Ghost of Tom Joad" inaichukua ile ahadi ya Tom kwa mama yake, kwamba popote anapoonewa mnyonge yeye atakuwepo, na kuipeleka kwa wasio na makao wa Marekani ya wakati wake. Albamu yenye jina hilohilo ni ya sauti za chini sana. Santuri yenye vumbi haitufai hapo, chukua CD.

Things Fall Apart ya The Roots, kundi la hip hop (1999), tuipite haraka. Ni albamu nzuri, "You Got Me" ilipata Grammy, lakini kutoka kwa Chinua Achebe imechukua jina tu, kama Achebe alivyolichukua kwa mshairi Yeats. Okonkwo, shujaa wa riwaya ya Achebe, hayumo. Anayetaka Okonkwo amtafute kwenye Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya 1973.

Tukirudi sokoni. Itoe sahani kwenye mfuko wake mwenyewe, uishike pembeni na lebo, uinamishe kwenye mwanga wa jua, si wa balbu. Mchirizi unaouona lakini kucha haiuhisi mara nyingi hausikiki. Ule unaokwaza kucha utapiga tiki kila mzunguko, mara 33 kwa dakika. Tazama tundu la katikati: mistari mingi ya kijivu kwenye lebo ni alama za watu waliopapasa wakitafuta mahali pa kuichomeka, na inakuambia sahani imechezwa sana hata kama inang'aa. Hakikisha sahani iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye jalada, maana majalada na sahani hubadilishana wenyewe katika marundo. Iliyopinda, iache. Joto la dirisha la gari linatosha kuikunja, na dawa za nyumbani za kuinyoosha kwa vioo na jua huua mifereji.

Kuosha: lita moja ya maji yaliyotoneshwa, yale ya betri safi yasiyo na asidi, na matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Futa kwa kitambaa laini kufuata mduara, usikate mistari, lebo isiloe, kisha suuza kwa maji hayo hayo bila sabuni. Maji ya bomba huacha chumvi ndani ya mifereji. Sahani za 78 usiziguse kwa spiriti. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa shellac, na spiriti huuyeyusha. Tena sahani hizo zinataka sindano yake, nene mara nne hivi kuliko ya LP.

Mashine nayo. Nyingi zinazouzwa mjini zimetumika ng'ambo. Ya kutoka Uingereza inaingia moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240 na hertzi 50. Ya Marekani inataka volti 120 na hertzi 60, na hapa watu hudhani transfoma inamaliza tatizo. Transfoma inashusha volti tu. Kama mota inafuata hertzi, mashine itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na Kate Bush atasikika kama baba mkwe. Uliza kama mota ni ya umeme wa DC, ambayo haijali. Kama siyo, fundi wa Luthuli Avenue atahitaji kubadilisha ile puli ndogo ya mota, na puli ya saizi sahihi si kitu cha kuokota popote. Zile mashine za kisanduku chenye spika ndani, nzuri kwa macho, hukandamiza sindano kwa gramu 5 au zaidi, ilhali mkono uliopangwa vizuri unahitaji kati ya gramu 1.5 na 2. Usiiweke singo yako ya 1978 humo.

Upande wa Pwani mambo yanakwenda kinyume, na ndiyo maana nyimbo zake tunazihesabu peke yake. Mwanamuziki wa London anapokea riwaya ya kurasa 300 na kuikatakata. Mwimbaji wa taarabu wa Mombasa anapokea shairi ambalo limeshapimwa. Mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho: kituo cha kupumulia kimo tayari, na udi unajua pa kujibu. Baadhi ya mashairi ya Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita (1971), yaliimbwa na jamaa yake Juma Bhalo, na kinachoongezwa hapo ni jinsi mshororo unavyorudiwa, neno moja likivutwa hadi maana ya pili iliyofichwa ijitokeze. Kusoma kimya hakukupi hilo. Zein l'Abdin alifanya kazi hiyo hiyo kwa udi wake, na CD ya Zein Musical Party, Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa na GlobeStyle 1990, ina sauti safi kuliko kaseti yoyote utakayokutana nayo. Kuna hata mfano wa kitabu kuzaliwa na nyimbo: Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akaja kumwandikia wasifu.

Juma Bhalo wengi wanampata kwa kaseti, hasa zile zilizotolewa na Mbwana Radio Service ya Mombasa. Mtunzi wa shairi mara nyingi hatajwi kwenye karatasi ya kaseti, kwa hiyo mwenye Malenga wa Mvita aiweke wazi mezani akisikiliza. Usiicheze kaseti ya zamani mara tu uipatapo. Izungushe mbele hadi mwisho na uirudishe yote, kwa sababu utepe uliogandamana ukivutwa ghafla hukatika mwanzoni, pale pale kwenye ubeti wa kwanza. Kagua kile kipande kidogo cha manyoya nyuma ya utepe, katikati. Kikiwa kimedondoka, sauti za juu hupotea na udi husikika kama uko chumba cha pili. Dawa ni kuhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu 5. Maganda yasiyo na skrubu hupasuliwa kwenye mshono kwa kisu chembamba, polepole, kuanzia upande ulio mbali na utepe. Na ukiweza kuchagua, chukua ya dakika 60. Ya 90 utepe wake ni mwembamba, hunaswa upesi.